Laki Mbili Zilizopotea Katika Hesabu ya Mirathi



Wasomaji wetu wapendwa, juma hili tumeona tueleze kosa lililotufika sisi wenyewe. Halipendezi kusimuliwa, lakini nyumba nyingi siku hizi zina kompyuta, na hakuna nyumba isiyofikiwa na mirathi. Huenda likamfaa mtu.

Miezi michache iliyopita tulitakiwa na familia moja ya mtaani kwetu tuwasaidie kugawa mali. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa duka. Aliacha mke mmoja, wana wa kiume watatu na wa kike wanne. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Wasia hakuacha. Baada ya kutolewa gharama za maziko na kulipwa madeni, palibaki Sh. 800,000. Si mali nyingi kwa watu wanane. Lakini watatu katika watoto hao walikuwa bado wadogo, na mali ya yatima, ijapokuwa shilingi moja, ni moto kwa mwenye kuila kwa dhuluma. Surat an-Nisaa imelitaja onyo hilo katika aya ya 10, kabla ya kuyataja mafungu ya watoto katika aya inayofuata.

Hukumu ya mas'ala yenyewe si ngumu. Mke hupata thumuni kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Thumuni ya Sh. 800,000 ni Sh. 100,000. Zinazobaki, Sh. 700,000, ni za watoto, mwanamume akipata fungu mara mbili ya mwanamke. Zamani chuoni, maalim wetu angalitutaka tuifanye ubaoni kwa chaki. Lakini sisi tulitaka karatasi nadhifu ya kupelekwa kwa Kadhi. Basi tukaketi mbele ya kompyuta ya madrasa, tukafungua kikokotoo kilichomo ndani yake, kile ambacho vijana hukiita kalkuleta. Tukaandika hesabu ya mafungu ya watoto kama tulivyoitamka mdomoni: 4 jumlisha 3 mara 2. Kikatupa 14. Tukagawanya 700,000 kwa 14, tukapata 50,000. Tukaandika: kila binti Sh. 50,000, kila mvulana Sh. 100,000. Hesabu ilitoka bila hata senti moja kubakia, na hilo ndilo lililotulaza.

Alasiri tukaenda kuisoma karatasi mbele ya jamaa. Wanaume walikuwa barazani, na wanawake ndani, nyuma ya pazia. Mjane, ambaye eda yake ilikuwa imemalizika, hakupata kusoma skuli. Ila kwa miaka mingi amepika mahamri na kuyauza, na hesabu zake zote huzifanya kichwani. Tulipomaliza kusoma, sauti yake ikatoka nyuma ya pazia:

"Sheikh, niwie radhi. Mimi laki moja. Wasichana wanne, laki mbili. Wavulana watatu, laki tatu. Hizo ni laki sita. Na mbili ziko wapi?"

Baraza lote likanyamaza. Kisha tukaona macho ya watu yakimgeukia mmoja baada ya mwingine ndugu mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyeshika funguo za duka tangu siku ya msiba. Hakuna aliyesema neno. Naye hakusema, aliinamisha kichwa akawa anatazama mkeka. Tukasema haraka kwamba kosa limo katika karatasi yetu wala halimo katika mkono wa mtu, na kwamba tupewe muda hadi kesho. Lakini mtazamo ule ulikwisha kupita, na kuurudisha hatukuweza.

Tulirudi ofisini tukaiandika upya hesabu ile. 14. Tukaizima kompyuta, tukaiwasha. 14. Tukamwita fundi, naye akasema kompyuta imeingiwa na virusi, yafaa ifutwe yote na kuwekwa programu upya. Tulikuwa karibu kukubali alipoingia binti wa ndugu yetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amekuja kuchukua vitabu.

"Ami," akasema, "kabla haijafutwa, tuijaribu kwa hesabu ambayo jawabu lake twalijua."

Akaandika 1 jumlisha 2 mara 3. Kila aliyepita darasani ajua kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha: 2 mara 3 ni 6, ukiongeza 1 ni 7. Kompyuta ikajibu 9. Akatoa simu, akaandika maneno yale yale. Simu ikajibu 7. Akarudi kwenye kompyuta, akabonyeza vistari vitatu vilivyo pembeni juu kushoto, ikafunguka orodha. Kikokotoo chetu kilikuwa kimewekwa katika mfumo wa kawaida. Akachagua mfumo wa kisayansi, akaandika tena. 7.

Alhasili, mashine haikuwa mgonjwa. Katika mfumo wa kawaida, kikokotoo kile hufuata vitufe kwa kadiri vinavyobonyezwa, kutoka kushoto, kama mashine ndogo za mezani za wenye maduka. Ukibonyeza 4, jumlisha, 3, kisha alama ya kuzidisha, papo hapo hukujumlishia 7 na kukuonyesha, halafu huizidisha hiyo 7 yote kwa 2. Sisi tulikusudia wavulana watatu ndio wahesabiwe mara mbili. Chenyewe kikawahesabu mara mbili watoto wote saba. Mafungu yakawa 14 badala ya 10. Ile 7 ilitokea kwenye kioo mbele ya macho yetu, nasi hatukuitazama.

Usiku ule tulitoa ubao. Asili ya mas'ala ni 8: mke moja, watoto saba. Saba haigawanyiki kwa vichwa kumi, basi tukazidisha 8 kwa 10, ikatoka 80. Mke 10, kila binti 7, jumla 28, kila mvulana 14, jumla 42. Kumi, ishirini na nane na arubaini na mbili ni themanini kamili. Sh. 800,000 kwa mafungu 80 ni Sh. 10,000 kila fungu. Kwa hivyo mke Sh. 100,000, kila binti Sh. 70,000, kila mvulana Sh. 140,000. Karatasi yetu ya kwanza ilikuwa imemnyima kila binti Sh. 20,000 na kila mvulana Sh. 40,000.

Wanazuoni wetu hawakuichukia hesabu. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu chake cha aljabra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mas'ala ya wasia na mirathi. Kanuni ambazo kompyuta huzifuata zimeitwa algorithimu kutokana na jina lake. Basi chombo si kigeni kwetu. Ugeni ulikuwa wetu sisi, tuliokiuliza tusijue kinasikiaje.

Kwa hiyo, mama zetu na dada zetu, mnaoshika hesabu za chama, za harusi, za biashara ya nyumbani, tunawausia haya.

Kabla ya kuiamini mashine yoyote, iulize 1 jumlisha 2 mara 3. Ikijibu 9, badilisha mfumo wake, au anza kwa kuzidisha ndipo ujumlishe. Ikiwa ina mabano, yatumie. Mabano huondoa shaka.

Ukikosea tarakimu moja, fahamu kwamba kitufe chenye herufi CE hufuta namba nzima ya mwisho uliyoiandika tu, na chenye C peke yake hufuta hesabu nzima. Wengi huanza hesabu mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani.

Usiandike sulusi kuwa 0.33. Sulusi ya Sh. 900,000 ni Sh. 300,000, ukizidisha kwa 0.33 utapata Sh. 297,000, na Sh. 3,000 za mtu zimepotea. Gawanya kwa 3.

Na la mwisho, ambalo mjane yule alilijua bila kompyuta: ukimaliza kugawa, jumlisha ulichogawa. Kisiporudi pale pale ulipoanzia, usitie saini.

Kesho yake tulirudi barazani na karatasi mpya. Tulieleza kosa lilivyotokea, na kwamba ni letu. Mjane alijumlisha nyuma ya pazia, kisha akasema, "Sasa zimetimia, Sheikh." Tukamgeukia ndugu wa marehemu, tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliomtazama jana. Alitupa mkono na kusema amesamehe, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. Pesa za watoto tuliweza kuzirudisha kwa usiku mmoja. Heshima ya mtu yule, ingawa hakuwa amekosa lolote, tulihitaji kumwombea mbele ya watu, na hata leo hatuna hakika kama imerudi yote.

Mwenyezi Mungu atusamehe kwa tulilolighafilika, na atuwezeshe kuzirudisha amana kwa wenyewe zikiwa kamili. Wabillahi tawfiq.