Baina ya Safa na Marwa

Mwenye kuhiji Makka, akiisha kutufu Al-Kaaba, huelekea Safa kwa saayi: huenda Marwa na kurudi, hata zitimie safari saba, ya mwisho ikaishia Marwa. Tuliikuta njia hiyo imetandikwa marumaru, na taa za kijani zikionyesha mahali wanaume wakimbiapo kidogo. Hapo ndipo Bibi Hajar alipohangaika kumtafutia maji mwanawe Ismail.

Vijana wetu wasomao tafsiri peke yake huuliza: Aya ya 158 ya Suratul Baqara yasema si dhambi kuvizunguka vilima hivi, mbona basi twaambiwa ni lazima? Swali hili si geni. Urwa bin Zubeir alimwuliza mama yake mdogo, Bibi Aisha (R.A.). Akamjibu kwamba lau maana ingekuwa hiyo, Aya ingesema si dhambi kuacha. Ilishuka kwa ajili ya Ansari, ambao zama za ujahili walikuwa wakihirimia kwa sanamu la Manata, na walipokwisha kusilimu wakaona uzito kwenda baina ya vilima hivyo.

Basi neno lile liliwaondolea shaka wenye shaka. Halikumpa mvivu ruhusa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii saayi ni nguzo. Mwenye kuiacha, Haji yake haikutimia.

Enyi vijana, msikate hukumu kwa Aya moja kabla ya kuwauliza wanavyuoni imeshuka kwa nani na kwa sababu gani.