Kikohozi cha usiku na ukuta nyuma ya kabati

Kila ikifika saa nane usiku mtoto alianza kukohoa. Mchana alicheza, alikula, alikimbizana na wenzake mpaka wanaitwa ndani kwa nguvu. Usiku kifua kilibana na kupiga filimbi, akaketi kitandani analia. Ana miaka minne. Tangu masika yaanze alikuwa ameshakunywa chupa tatu za dawa ya kikohozi na antibiotiki mara mbili, moja ikiwa imenunuliwa duka la dawa bila cheti kwa sababu ilikuwa Jumapili na mama yake alikuwa hajalala.

Nyumba yao iko Tabata, Dar es Salaam. Waliijenga kidogo kidogo na kuhamia kabla haijaisha, kama wengi wanavyofanya ili kuikimbia kodi ya pango. Anasa pekee ndani yake ilikuwa bafu la chumbani kwao: shawa iliyozungushiwa vioo, yenye fremu za alumini na mlango wa kusukuma. Baba wa mtoto aliifunga mwenyewe akisaidiwa na rafiki yake, na mgeni akija haondoki bila kuonyeshwa.

Bafu hilo lilianza kuvuja baada ya miezi michache. Yalikuwa maji kidogo tu, pembeni kwenye kona, ya kufuta na tambara. Baba alinunua silikoni akapaka kwa nje, kisha akapaka na ndani kwa uhakika zaidi. Wiki mbili baadaye maji yakarudi. Akaongeza nyingine juu ya ile ya kwanza. Mara ya tatu mkewe aliposema waite fundi, alijibiwa, "Fundi atafanya nini ambacho mimi sijafanya?" Akanyamaza. Nyumba nyingi zina kitu kama hicho, kimeharibika lakini hakitajwi, kwa sababu kukitaja ni kumgusa mtu.

Aliyelifungua jambo hili ni daktari wa watoto. Baada ya kusikiliza kifua na kuambiwa kwamba shangazi wa mtoto ana pumu, aliuliza, "Chumba anacholala kikoje? Kuna unyevu ukutani?"

"Hakuna, daktari," mama alijibu, na aliamini hivyo.

Jioni alisogeza kabati la nguo la watoto. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kama ganda la kitunguu. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno ukuta ulijaa madoa meusi ya ukungu, na nguo za chini kabatini zilinuka uvundo. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Mto wa mtoto ulikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba mwaka 2009. Linasema wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wana hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za njia ya hewa, maambukizi ya kifua na pumu kuzidi. Hii haina maana kwamba kila mtoto anayekohoa ana ukuta mbovu. Vumbi, moshi wa mkaa na sigara, na mafua ya kawaida navyo vipo. Lakini dawa haiwezi kushindana na kitu ambacho mtoto anakivuta kila usiku.

Mama hakusema neno. Alimwita mumewe, akamwonyesha ukuta. Mume alisimama pale muda mrefu, kisha akachukua simu na kumpigia fundi.

Fundi bomba aliyekuja, mzee wa makamo, hakugusa silikoni kwa saa nzima ya kwanza. Alifunga koki zote za nyumba akaenda kutazama mita ya maji. Haikusogea, kwa hiyo bomba lililo ndani ya ukuta halikuwa na tatizo. Akaziba tundu la kutolea maji kwa tambara lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akajaza maji sakafu ya shawa kimo cha vidole viwili, akaweka alama kwa penseli. Baada ya saa moja maji yalikuwa palepale kwenye alama. Mwisho akawasha shawa na kuuelekeza mchirizi kwenye kioo, kona moja baada ya nyingine. Kwenye kona ya tatu maji yakachungulia chini ya fremu, upande wa ukuta.

"Bosi, umeziba njia ya maji kurudi," alisema.

Fremu nyingi za aina hiyo zina vitundu vidogo chini, upande wa ndani. Maji yanayopenya pembeni mwa kioo huingia kwenye fremu na kurudi bafuni kupitia vitundu hivyo. Silikoni ya ndani ilikuwa imevifunika. Maji yakakaa ndani ya fremu hadi yakapata upenyo kuelekea ukutani, na tofali la saruji likayanyonya. Kila alipoongeza silikoni, baba aliyafungia maji zaidi.

Walibandua yote, ya zamani na mpya, kwa wembe, maana silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Wakasafisha kwa spiriti, wakaacha pakauke usiku kucha, fundi akapaka upande wa nje tu na pale fremu inapokutana na ukuta. Siku nzima hakuna aliyeoga humo.

Ukungu waliufuta kwa maji na sabuni, madirisha yakiwa wazi, pua zimefunikwa na mtoto yuko kwa bibi yake. Mama alikuwa ameshaandaa jiki na dawa ya kusafishia choo avichanganye pamoja, jirani akamzuia. Alifanya vizuri, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

Sasa mtoto anatumia dawa ya kuvuta aliyoandikiwa na daktari, na analala chumba cha wazazi. Usiku mwingi anafika asubuhi bila kuamka. Daktari anataka kumwona tena mwezi ujao kabla ya kusema lolote kuhusu pumu.

Ukuta bado haujapakwa rangi. Fundi alisema wasubiri ukauke kabisa, huenda wiki kadhaa, la sivyo rangi itabanduka tena. Kila jioni akitoka kazini, baba anapita chumba cha watoto kwanza, anaweka kiganja ukutani, kisha ndiyo anavua viatu.