Diski Isiyofungwa

Wapenzi wa ushairi wa pwani hawahitaji kukumbushwa kwamba hati za Kiarabu, ambazo zimebeba tungo zetu kwa karne kadhaa, humtaka msomaji afanye nusu ya kazi. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja ya be kwa sauti tatu, yaani b, p na mb. Na alama moja ya irabu iliweza kusimama mahali pa u na pa o, nyingine mahali pa i na pa e. Neno lililoandikwa hivyo laweza kuwa bata, laweza kuwa pata, laweza kuwa mbata. Aghalabu maana ya mshororo humwongoza msomaji, na pale maana isipomwongoza, huongozwa na mizani na vina. Lakini maneno hayo matatu yana mizani mbili mbili, na yote yanaishia kwa kina kimoja. Pakiingia shaka hapo, hapana wa kuulizwa ila mtunzi mwenyewe.

Mjomba wangu, mkulima wa minazi na mikarafuu kisiwani Pemba, alifariki mwaka 2007 akaacha madaftari matatu ya mashairi kwa hati hizo. Familia iliazimia kuyachapisha, nami nikapewa kazi ya kuyahamishia katika herufi za Kilatini. Kazi ilikwenda vyema mpaka nikafika kwenye shairi la mwisho, alilolitunga akiwa tayari mgonjwa. Katika ubeti wake wa kufungia pana kipande kinachosomeka ama “radhi kwa nilivyopata”, ama “radhi kwa nilivyo bata”, ama “radhi kwa nilivyo mbata”. Bata tulimwondoa bila ya majadiliano. Yaliyobaki ni mawili, na kila moja lilizaa shairi lake. Kwa pata, mzee anamshukuru Mola kwa riziki aliyomjaalia, nayo ni tamati iliyozoeleka. Kwa mbata, anajifananisha na nazi iliyokauka maji yake hata nyama ikaachana na kifuu, ile ambayo ukiitikisa huisikia ikigonga ndani. Huyo ni mtu aliyekwisha kujibandua na dunia ilhali bado yumo ndani yake, na yu radhi.

Wapo waliosema tuandike pata kwa kuwa ni salama. Sikuona kuwa tulikuwa na haki ya kumchagulia marehemu. Nilimwendea mkazamjomba nikamuuliza. “Kalisoma hapa barazani,” alinijibu, “lakini mimi nilikuwa jikoni, mwanangu. Sauti niliisikia, maneno sikuyashika.”

Sauti yenyewe ilikuwepo. Mwaka 2006 mwanawe, binamu yangu anayeishi Ng’ambo hapa Unguja, alimrekodi mzee akiyasoma mashairi yake, na kila kikao akakichoma katika diski. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo kikao kilichokwisha kuchomwa kilifutwa ili kukipisha kingine, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Zilipatikana diski sita. Tano zilifungwa. Ya sita, yenye shairi hilo la mwisho, iliachwa wazi, kwani mzee alisema bado analo la kuongeza.

Pengine msomaji atauliza diski hufungwaje. Diski ya kuchoma ina upana wa sentimita 12, nayo huchukua sauti ya dakika 74 hadi 80. Huandikwa kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Kila kipande kinapoandikwa, habari zake huwekwa kwanza mahali pa muda, ambapo kiendeshi cha kuandikia ndicho kinachojua kupatazama. Kuifunga diski ni kuiandika orodha ya vipande vyote mwanzoni mwake, pale ambapo mashine nyingine huanzia kusoma. Isipofungwa, redio ya kawaida huiona tupu, ingawa sauti imo. Ndivyo ilivyotukuta: redio ya nyumbani na kompyuta mbili za majirani ziliikataa. Tegemeo letu likabaki kwa kiendeshi kilekile kilichoiandika, ndani ya kompyuta ya binamu yangu iliyokuwa ikitumia Windows XP.

Na hapo ndipo Unguja ilipoingia gizani. Kisiwa hiki hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na umeme huo ulikatika Disemba 2009, usirejee mpaka Machi 2010. Wenye jenereta waliwasha jenereta, wengine tukarudia kandili, na kompyuta ya binamu yangu ikafunikwa kanga dhidi ya vumbi. Umeme uliporudi tuliifunua na kuiwasha. Ikafunguka vizuri, barua na picha zote zimo, lakini viendeshi vyake viwili, cha kusomea na cha kuandikia, havikuwemo. Katika orodha ya vyombo vyake palibaki herufi C pekee. D na E zilikuwa zimetoweka kana kwamba hazikupata kuwepo.

Fundi wa kwanza hakuchelewa kutoa hukumu: umeme umerudi kwa nguvu, umeviunguza, vinunuliwe vipya. Wa pili alitaka kufuta kila kilichomo na kuiweka Windows upya. Ushauri wa mwanzo ungetunyang’anya kiendeshi pekee tulichojua kuwa kiliwahi kuisoma diski ile. Wa pili ungefuta miaka ya kazi za binamu yangu. Aliyetuzuia ni binti wa kaka yangu, aliyekuwa akisomea mambo ya kompyuta. “Ami,” aliniambia, “vitu viwili havishikwi na maradhi mamoja siku moja ila vimekula chungu kimoja. Tukitafuteni hicho chungu kwanza.”

Nilikaa kando yake nikimtazama, na namna alivyoendelea ilinikumbusha mhakiki makini anavyoupima ubeti: hakudhani, aliondoa moja baada ya jingine. Alibonyeza kitufe cha kiendeshi. Kitanda chake kikatoka na taa ikawaka, basi umeme unafika. Aliizima kompyuta na kuiwasha tena, akakisoma kioo cha mwanzo kabisa kabla ya Windows kuamka; viendeshi vyote viwili vikatajwa kwa majina, basi waya ni nzima na ubao mkuu unavijua. Kisha akaweka diski ya kusimikia Windows, akaiamuru kompyuta ianzie humo. Diski ikazunguka, maandishi yakatokea yakimtaka abonyeze kitufe chochote ili kuendelea. Hakubonyeza. Aliizima papo hapo, akatabasamu. Kiendeshi kinasoma. Kilichokipofusha kimo ndani ya Windows.

Alipofungua orodha ya maunzi, palikuwa na alama ya manjano mbele ya kila kiendeshi, na kosa lenye namba 39, yaani mfumo umeshindwa kuipakia programu ya kukiendesha chombo hicho. Wengine hukutana na namba 19, 31, 32 au 41, na mara nyingi chanzo ni hichohicho. Baina ya Windows na kiendeshi cha diski huweza kuwekwa programu ndogo ziitwazo vichujio. Programu za kuchomea diski hupenda kuviweka, ili kila amri inayokwenda kwenye kiendeshi ipitie mikononi mwao. Majina ya vichujio hivyo huandikwa katika rejista, ambayo ndiyo daftari kuu la mfumo. Programu mwenyeji ikiondolewa vibaya, kichujio hufutika na jina lake likasalia. Windows inapoamka hulisoma jina, humtafuta mwenyewe, humkosa, na badala ya kupita hukifunga kiendeshi kizima. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila lilimtaja bawabu aliyekwisha kuhama, na mlango ukakaa ukimngojea.

Tulimuuliza binamu yangu kama palikuwa na programu iliyoondolewa. Akakumbuka kwamba palikuwa na programu moja ya kuchomea, ya majaribio, iliyomaliza muda wake. Iliondolewa jioni moja kabla ya giza, nayo ikataka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Ikazimwa. Kuwashwa kukaja baada ya miezi mitatu, na wakati huo kila mtu alikuwa na umeme wa kuulaumu.

Tiba ilichukua muda mfupi kuliko chai iliyokuwa mezani. Kwanza binti alitoa nakala ya sehemu ile ya rejista akaihifadhi, ili likiharibika neno aweze kulirudisha. Kisha akaliendea fungu la viendeshi vya diski, ambalo namba yake huanza na 4D36E965, akayakuta maingizo mawili, UpperFilters na LowerFilters, akayafuta. Alisisitiza niione namba hiyo vyema, kwani ingizo lenye jina hilohilo limo pia katika fungu la kibodi na mengineyo, na mwenye kulifuta huko huweza kujikuta na kompyuta isiyopokea herufi, au isiyoamka kabisa. Gharama ya dawa ni ndogo: programu nyingine za kuchomea huenda zikahitaji kuwekwa upya. Akaizima, akaiwasha. D na E zikarudi.

Diski ya sita ilizunguka kwa muda ambao nisingependa kuurudia. Kisha ikatoa kikohozi, mbisho wa kiti, na sauti ya mzee. Alisoma taratibu, kwa mahadhi yake ya Kipemba, na alipokifikia kile kipande hapakuwa na haja ya kurudisha nyuma. Alisema mbata. Midomo ilifumba kwenye m kabla ya kuifungulia b, akatua, na akakikariri kipande chote mara ya pili kama afanyavyo mtu aliyeridhika na neno lake. Mkazamjomba, aliyekuwa amesafiri kutoka Pemba kwa ajili ya hayo, hakulia. Alisema tu, “Ndivyo alivyokuwa.”

Tuliinakili sauti mahali patatu siku hiyohiyo. Hapo binti akauliza kama aifunge diski, ili iweze kusomwa na redio yoyote. Hakuna aliyejibu. Kuifunga kulikuwa ni kukubali kwamba lile la kuongeza halitaongezwa. Tulimtazama mkazamjomba. “Fungeni,” akasema. “Kenda na lake.”

Tangu siku ile nimekuwa mzito wa kutamka kwamba kitu kimepotea. Sauti ya mzee haikuwa imepotea hata dakika moja, wala kiendeshi hakikuwa kimekufa. Kilichokatika ni njia ya kuifikia, na ilikatwa na kitu kidogo kisichohusika na ushairi wala na umeme. Kama tungekubali hukumu ya kwanza tungeutupa ufunguo kwa kudhani kuwa ni kufuli bovu, na diwani ingetoka ikimshukurisha mzee kwa riziki, ilhali yeye alikuwa akiaga.

Visiwa hivi vina historia ndefu ya kuzikabidhi sauti zake kwa mashine. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akaimba mbele ya mitambo ya HMV, na santuri za namna ile zina mfereji unaoonekana kwa macho. Mwenye sindano na kitu cha kuizungusha aweza kuipata sauti. Diski zetu hazina rehema hiyo. Zinadai mwanga wa leza, kiendeshi, programu, na rejista isiyo na jina la mhamaji. Windows XP iliachwa kuhudumiwa mwaka 2014, na kompyuta nyingi za mkononi zinazouzwa leo hazina kiendeshi cha diski kabisa. Majumbani mwetu, katika makabati ya vyombo na chini ya vitanda, zimo diski za arusi, za hitima, za taarabu za mitaani na za wazee wakisoma tenzi, na idadi ya mashine zinazoweza kuzifungua hupungua kila mwaka.

Kwa hiyo aliye nazo asingoje. Kiendeshi cha nje cha kuchomeka kwa waya bado kinauzwa. Diski zihifadhiwe wima, mbali na jua na unyevu, na upande wenye maandishi usiandikwe kwa kalamu ngumu, maana tabaka linaloakisi mwanga liko chini yake tu. Zisizofungwa zinakiliwe kwanza, kwa kiendeshi cha kuandikia, ndipo zifungwe. Nakala ziwe zaidi ya moja, na zisilale nyumba moja. Na maadamu wapo bado wanaozisoma hati za wazee wao, wasomeshwe kwa sauti na warekodiwe, kisha maneno yenye shaka yaandikwe pembeni kwa herufi zisizo na utata. Diwani ya mjomba ina ukurasa wa namna hiyo mwishoni. Neno la kwanza katika ukurasa huo ni mbata.