Nilimtembelea mwanetu Bengaluru, mji wa kompyuta



Huenda na wewe unaye kijana nyumbani aliyemaliza kidato cha sita. Huenda anakuambia, "Baba, nataka kwenda India kusoma kompyuta." Wewe unatazama zizi lako. Unahesabu ng'ombe.

Kaka yangu, hapa kwetu Mara, alifanya hivyo mwaka 2022. Aliuza ng'ombe wanane. Akampeleka mwanawe katika mji wa Bengaluru, kusini mwa India. Mimi ni bwana shamba, sijui sana mambo ya kompyuta. Lakini mwezi wa Novemba 2023 nilifika huko, nikaona kwa macho yangu.

Sikwenda kwa fedha yangu. Serikali ya India ina mpango wa mafunzo unaoitwa ITEC. Ulianza mwaka 1964. Mpango huo hualika watumishi wa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. India hulipa tiketi ya ndege, malazi na posho. Nilipelekwa mji wa Hyderabad kwa wiki mbili kujifunza kazi ya ugani. ITEC ina mafunzo ya kompyuta pia. Kama mwanao tayari ana kazi, mwambie amuulize mwajiri wake habari hizo kabla hujagusa zizi.

Siku moja ya Ijumaa jioni nilipanda basi la kwenda Bengaluru. Mabasi yao ya usiku yana vitanda. Nililala kama niko nyumbani, ila dereva alipiga honi usiku kucha. Asubuhi tulifika.

Bengaluru ni mji mkuu wa jimbo la Karnataka. Zamani uliitwa Bangalore. Jina lilibadilishwa mwaka 2014. Uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hauna joto kali. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Watu wa huko husema Kikannada, lakini vyuoni hufundishwa Kiingereza. Barabarani kuna bajaji nyingi kuliko nilizowahi kuona. Si ajabu, maana hata hizi zetu asili yake ni huko.

Mwanetu alikuwa akinisubiri kituoni. "Shikamoo, baba mdogo," alisema. Niliitika marahaba, lakini moyo ulinistuka. Alikuwa amekonda.

Alinipeleka kwanza kuona sehemu inayoitwa Electronic City. Mwaka 1978 shirika la serikali ya jimbo lilitenga ekari 332 hapo kwa ajili ya viwanda vya elektroniki. Kabla ya hapo yalikuwa mashamba ya vijiji. Leo ni majumba ya vioo, moja baada ya jingine. Kampuni moja kubwa iliyoko hapo inaitwa Infosys. Ilianzishwa na watu saba katika mji wa Pune mwaka 1981, kwa mtaji wa dola 250 za Marekani. Mwaka 1983 ikahamia Bengaluru. Kazi yao ni kuandika maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Maagizo hayo huitwa programu. Benki ya Marekani huagiza, vijana wa Bengaluru huandika, na fedha huja kutoka ng'ambo.

Nilimuuliza mwanetu, "Na wale wakulima wa mashamba haya, walikwenda wapi?" Hakujua. Nilisimama kidogo pale nikitazama. Chini ya ukuta wa vioo ng'ombe wawili walikuwa wakila maganda.

Yeye anasomea nini? Alinieleza hivi. Kompyuta nyingi zikiunganishwa zinaweza kupelekeana habari. Muungano huo huitwa mtandao. Wewe uliyelima kwa umwagiliaji utaelewa haraka. Maji hutoka mfereji mkuu, hupita katika mifereji midogo, na mahali mifereji inapoachana pana mtu wa kufungua na kufunga. Katika mtandao, mtu huyo ni chombo kinachoitwa ruta. Kila habari ina anwani yake, na ruta huielekeza. Fundi wa mtandao ndiye mwangalizi wa mifereji. Maji yasipofika shambani, yeye ndiye huitwa.

Alikuwa akitafuta karatasi mbili. Ya kwanza ni shahada ya chuo, miaka mitatu. Ya pili ni cheti cha mitandao kinachoitwa CCNA, cha kampuni ya Cisco ya Marekani. Mtihani wake ni wa dakika 120, hufanywa mbele ya kompyuta. Cheti hiki kinajulikana nchi nyingi.

Mchana tuliingia hoteli ndogo ya chakula. Waliniletea tonge moja kubwa, jeusi, la mviringo, na mchuzi wa dengu. Nilionja. Ulikuwa ugali wa ulezi! Wao huuita ragi mudde. "Usitafune, baba mdogo," mwanetu alinionya. "Chovya, umeze." Karnataka hulima ulezi kuliko jimbo lolote la India. Tena zao hilo lilitoka huku kwetu, katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, likavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita. Kwetu vijana wanauona ulezi ni chakula cha wazee. Nilitamani wangewaona wale mafundi wa kompyuta walivyokuwa wakiumeza.

Mwanetu alikula matonge mawili upesi sana. Nikaagiza la tatu. Ndipo aliponiambia ukweli.

Wakala aliyemtafutia chuo alimwahidi baba yake kwamba kijana atasoma mchana na kufanya kazi jioni, ajilipie chakula. Ulikuwa uongo. Visa ya mwanafunzi ya India hairuhusu kufanya kazi. Tena wenye nyumba wengi wa Bengaluru wamezoea kudai amana ya kodi ya miezi kumi kabla ya kukupa ufunguo. Wakala hakulisema hilo. Kijana alikuwa akilala chumba kimoja na wenzake watatu. Kuna siku alikula mara moja tu. Nyumbani alikuwa akimwandikia baba yake kwamba kazi ya jioni inakwenda vizuri.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Aliuza ng'ombe wanane, baba mdogo. Ningemwambia nini?"

Nilimuuliza pia habari ya usalama, kwa sababu nilikuwa nimesikia jambo. Mwezi wa Januari 2016, katika mji huo, gari la mwanafunzi wa Sudan lilimgonga mama mmoja akafa. Kundi la watu wenye hasira likamshambulia msichana wa Tanzania aliyefika hapo baadaye. Hakuhusika kabisa. Polisi waliwakamata watu kadhaa. Mwanetu alisema majirani zake ni watu wema, ila usiku hatembei peke yake. Sikufichi habari hiyo, msomaji. Mzazi lazima aijue.

Jioni nilizungumza na wanafunzi wengine wa kwetu. Walinipa mambo ambayo wakala hakuyasema. Anayekwenda kusoma shahada nje aanze na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, apate hati ya kutokuwa na pingamizi. Akirudi, ni TCU hiyo hiyo inayopima kama shahada yake inakubalika. India nayo ina tume ya vyuo vikuu iitwayo UGC, ambayo hutangaza majina ya vyuo vya uongo. Mwenye visa ya zaidi ya siku 180 hujiandikisha kwa ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu afike.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili. Wakala alitoza fedha ya ziada kwa ajili ya ule mtihani wa Cisco, akisema haufanyiki Afrika. Mtihani huo huo hufanywa Dar es Salaam, na cheti ni kile kile. Tena mwaka ule ule wa 2023, chuo maarufu cha India kiitwacho IIT Madras kilifungua tawi Zanzibar. Hapo hufundishwa sayansi ya takwimu na kompyuta. Sisemi watoto wasiende ng'ambo. Mwanetu alikuwa akifundishwa vizuri, na aliipenda kazi. Nasema tuulize kwanza.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa kaka. Nilimweleza yote, hata lile la kula mara moja. Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani atakasirika. Mwisho aliuliza, "Huko anakula nini?"

"Ugali wa ulezi," nilisema.

Alicheka mpaka akafuta machozi, na si machozi ya kicheko peke yake. Wiki ile aliuza ng'ombe wengine wawili. Alimwandikia mwanawe kwamba hahitaji kusikia habari za kazi ya jioni tena, bali zile za masomo na za chakula.

Kijana alimaliza mwaka 2025, akarudi. Ule mtihani wa Cisco aliufanya Dar es Salaam, akafaulu. Alipomletea baba yake cheti, mzee alikishika kwa mikono miwili, akataka asomewe kila neno. Tulipofika kwenye tarehe ya mwisho, 2028, alinitazama.

"Ng'ombe kumi," alisema, "na cheti chenyewe kinachacha kama maziwa?"

Mwanawe alimweleza kwamba cheti hicho hudumu miaka mitatu, kwa sababu vyombo hubadilika. Kabla ya siku hiyo atafanya mtihani tena. Mzee aliuliza ada ya mtihani. Alipotajiwa, aligeuka kutazama zizi.

"Hapana, baba," alisema kijana. "Huo nitalipa mimi."