Gari Linalosoma Barabara

Tumezoea kumcheka yule mwanamke wa Kijapani anayeongea ndani ya magari yetu ya mitumba. Ukiwasha tu, anakukumbusha kwa adabu kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Kadi ya wapi? Unaondoka zako.

Lakini magari yanayoshuka sasa bandarini Dar es Salaam na Mombasa hayasemi tu. Yanasoma. Mengi yana kamera ndogo juu ya kioo cha mbele, na mengine yana rada. Yanasoma mistari ya barabara, gari lililotangulia, mtu anayevuka. Dereva akipitiwa, gari linalia. Akizidi kuchelewa, linashika breki lenyewe. Ulaya imezifanya breki hizo kuwa lazima kwa kila gari jipya tangu Julai 2024.

Mimi ni mwandishi wa habari, na habari za ajali nimeziandika hadi nazijua mwendo wake: mwendokasi, idadi ya waliofariki, kauli ya kamanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu na watu wa baiskeli na pikipiki. Hapo ndipo breki hizi zinaponigusa. Mkanda humlinda aliyemo ndani ya gari. Breki inayomwona mtu humlinda pia asiye na gari: mwanafunzi anayevuka, bodaboda aliyesimama ghafla.

Mjomba wangu ana gari la namna hiyo. Jiwe lilipasua kioo cha mbele, fundi akaweka kingine, kizuri tu, bei poa. Tangu siku hiyo kuna taa ya njano kwenye dashibodi.

“Mjomba, hii taa vipi?”

“Aa, ya kamera hiyo. Fundi kasema haina shida, gari linatembea.”

Nikamweleza kwamba kioo kikibadilishwa, kamera inatakiwa kupimwa upya kwa kompyuta. Ikikaa upande hata kidogo tu, inasoma pasipo. Akacheka.

“Mjomba, mimi nimeendesha miaka thelathini bila kamera. Ajali haina kinga.”

Miaka thelathini ni kweli, na namheshimu kwa hilo. Ila ule msemo umenikaa vibaya. Tunautamka misibani kufarijiana, kisha tunarudi nao gereji kama cheti cha ukaguzi. Kinga ipo. Ilikuja na gari, mnunuzi wa kwanza aliilipia, na sisi tumeizima kwa kuokoa gharama ya kuipima.

Simaanishi kamera ni malaika. Mvua kubwa huiziba macho, tope pia, na jua la jioni likiipiga usoni. Na barabara iliyofutika mistari ni sawa na kumpa msomaji hodari kitabu chenye kurasa tupu: hatasoma kitu, na kosa si lake. Kwa hiyo rangi ya barabarani nayo ni kifaa cha usalama, ingawa haiuzwi na gari.

Mjomba bado hajalipeleka gari kupimwa. Kila asubuhi anapita mbele ya shule ya msingi, taa ya njano inawaka. Yeye anaiona. Watoto wanaovuka hawaioni.