Migwani: Mji wa Kutembea Ukila

Je, msomaji, umewahi kuujua mji kwa kuuonja? Usicheke. Kule Italia, katika mtaa wa Testaccio jijini Rome, wageni hulipa fedha ili watembezwe kwa miguu kutoka duka la jibini hadi mkahawa wa pembeni. Huonja hiki na kile huku kiongozi wao akiwasimulia asili ya kila tonge. Mtaa huo ulikuwa na machinjio makubwa yaliyofungwa mwaka wa 1975. Minofu ilikwenda kwa wenye mali, nao wafanyakazi wakaambulia matumbo, mikia na ndimi. Wake zao waliyapika kwa ustadi hata yakawa mapishi yanayosifika leo kote ulimwenguni. Waroma huita masazo hayo "robo ya tano" ya mnyama.

Hata hivyo, jambo hilo halihitaji ndege wala pasipoti. Mahali popote ambapo watu wamehangaika ili waishi, historia yao imo chunguni. Ndiyo sababu leo ninakualika, wewe na jamaa yako, mwende Migwani.

JINSI YA KUFIKA

Migwani ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Kitui, eneo bunge la Mwingi Magharibi. Ukitoka Nairobi, shika barabara ya Thika kuelekea Garissa, upite Matuu, kisha ukate kulia pale Mbondoni kabla hujafika mji wa Mwingi. Anayetoka upande wa Mombasa anaweza kuiacha barabara kuu pale Kibwezi, apitie Mutomo, Kitui na Kabati. Ondoka alfajiri, maana jua la huko halina mzaha. Uulizie pia siku ya soko kabla ya kufunga safari, kwani siku hiyo ndiyo wakulima hushuka na magunia yao kutoka vijijini.

Usitarajie kumkuta kijana mwenye kibendera akikusubiri kituoni. Kiongozi wako utamtafuta mwenyewe, wala hayuko mbali. Ni familia gani ya mjini isiyo na jirani, mfanyakazi mwenza au mwanafunzi mwenza atokaye Ukambani? Mwombe akukutanishe na mamaye au shangazi yake. Mama huyo umwite "Mwaitu", yaani mama, na kila akupapo kitu umwambie "ni muvea", yaani asante. Kwa maneno hayo mawili milango mingi itafunguka.

BAKULI LA UJI

Anzeni safari yenu kwa uji. Uombe wa mtama, wimbi au mawele, si wa mahindi matupu. Unapokunywa, mwulize Mwaitu kwa nini nafaka hizo hazionekani mashambani kama zamani. Jibu lake huenda likakushangaza: ni ndege!

Mtama na mawele huvumilia ukame kuliko mahindi, lakini ndege huyapenda mno. Zamani watoto walikaa shambani tangu mapambazuko, wakiwa juu ya ulingo na makombeo mikononi, wakiwafukuza. Shule zilipoenea watoto wakaenda kusoma, nao ndege wakabaki na shamba. Wazazi wengi wakageukia mahindi, ambayo hujifunika kwa maganda yake na hayahitaji mlinzi wa namna hiyo. Kasoro ya mahindi ni kwamba mvua ikikatika mapema, hunyauka. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, walijaribu kutatua shida hiyo kuanzia miaka ya 1960 kwa kutoa mbegu inayokomaa haraka. Hata leo wakulima wengi hutaja jina la Katumani wanapozungumzia mahindi ya nchi kavu.

Basi katika bakuli moja la uji utakuwa umejifunza habari za elimu, ndege na mvua.

PENYE MAGUNIA

Sasa nendeni mahali panapouzwa nafaka. Hapa mtoto wa mjini aliyezoea kuona chakula ndani ya pakiti atapata darasa lake. Mwaitu atawaonyesha ndengu za kijani, nthooko ambazo sisi huziita kunde, nzuu ambazo ni mbaazi, na nzavi ambazo wengi wetu tunazijua kwa jina la njahi.

Msidhani ni rangi tu zinazotofautiana. Kila mbegu ina kazi yake katika vita dhidi ya ukame. Ndengu hukomaa kwa muda wa siku 60 hadi 70, kwa hiyo hata mvua fupi huweza kuzifikisha. Nthooko huliwa mara mbili: kwanza majani yake huwa mboga, halafu punje zikafuata. Nzuu za kienyeji hazina haraka. Hupandwa wakati wa mvua za Oktoba na Novemba, na mizizi yake huzama chini sana kutafuta unyevu. Mahindi yanapokuwa yamekwisha kukauka, zenyewe bado zimesimama kijani, na huvunwa karibu na mwezi wa Agosti. Mkulima anayechanganya mbegu hizi shambani hapandi ovyo. Anajua kwamba moja ikimwangusha, nyingine itamshika mkono.

Chukua kila punje kiganjani, uinuse, uulize jina lake. Halafu nunua kidogo kwa kila muuzaji, kwani si adabu kugusagusa bidhaa za watu na kuondoka mikono mitupu.

KINU NA MCHI

Kituo cha tatu ni nyumbani kwa mwenyeji, penye kinu. Hapa ndipo utakutana na mfalme wa vyakula vya Ukambani, muthokoi.

Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa taratibu hadi maganda yatoke bila ya punje kusagika. Kisha hupepetwa. Pumba hupewa kuku, na punje nyeupe hupikwa kwa saa kadhaa pamoja na maharagwe, nzuu au nthooko. Mahindi yakipikwa na maganda yake huitwa isyo, ndugu yake githeri ya Wakikuyu. Siku hizi ziko mashine za kukoboa, lakini mwombe Mwaitu akuruhusu ushike mchi japo kwa dakika tano. Mikono ikianza kukuwasha utafahamu kwa nini sahani ya muthokoi si chakula cha kuchezewa.

Kazi hiyo ya kutwanga ina faida kubwa kuliko ladha. Mwaka wa 2004 maafa makubwa yaliikumba Kitui, Makueni na wilaya jirani. Mahindi yalivunwa wakati wa mvua isiyo ya msimu, yakahifadhiwa yangali na unyevu, mengine ndani ya nyumba za kulala, na ukungu ukayavamia. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini ambayo huharibu ini. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Katika baadhi ya nyumba chakula kilichowaua watu kilikuwa kimelimwa na wenyewe.

Baadaye watafiti wa humu nchini walipima mahindi kabla na baada ya kukobolewa ili kufanywa muthokoi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2008, yalionyesha kwamba kukoboa kulipunguza sumu hiyo kwa karibu nusu, kwa wastani, maana nyingi hujificha kwenye maganda na sehemu za nje za punje. Tazama basi! Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini kinu chao kilikuwa kikifanya kazi ambayo sayansi ilikuja kuithibitisha.

Tusijidanganye, hata hivyo. Nusu ya sumu ni sumu bado, wala kupika hakuimalizi, na punje yenye sumu yaweza kuonekana safi kabisa. Kinga ni kukausha. Mwulize mwenyeji wako akuonyeshe jaribio la chumvi: punje hutiwa ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, zikatikiswa, zikaachwa kwa muda. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na hayafai kuwekwa ghalani. Jaribio hilo unaweza kulifanya hata jikoni kwako Buruburu au Kisauni, ukiletewa gunia kutoka mashambani.

SAHANI NA KISA CHAKE

Saa ya chakula imewadia. Ingieni hotelini, muagize muthokoi, na kama mfuko unaruhusu, nyama ya mbuzi kando yake. Kuleni polepole. Muthokoi hutafunwa, na anayeukimbiza humchosha taya. Wakati huu ndio wa kumwomba Mwaitu au mzee aliye karibu awaeleze habari za njaa, kwani katika Ukambani njaa kubwa hupewa majina kama watoto.

Ile ya mwaka wa 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Nyingine ya miaka ya mwanzo ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake "ninakufa huku nimeshika". Kilichoshikwa mkononi kilikuwa pesa, na kilichokosekana kilikuwa chakula cha kununua. Hebu wewe mkazi wa jiji, unayeamini kwamba maadamu una pesa huwezi kulala njaa, litafakari jina hilo!

Wanahistoria wanaeleza pia kwamba nyakati za ukame Wakamba walisafiri hadi kwa jirani zao kutafuta chakula, safari walizoziita kuthuua. Safari hizo zilisaidia kuzaa biashara kubwa ya misafara. Kufikia mwaka wa 1849, mmishenari Ludwig Krapf alipofika Kitui, alikaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika pwani. Kwa hiyo Mkamba kusifika kwa safari na biashara si bahati nasibu. Sehemu ya sifa hiyo ilianzia kwenye chungu kilichokuwa kitupu.

ASALI YA MWISHO

Malizeni kwa asali. Kitui inajulikana kwa asali yake, na mzinga wa kienyeji, uitwao mwatu, ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini. Asali hiyo ndiyo iliyotengenezewa kaluvu, kinywaji cha wazee katika shughuli za posa na mashauri. Hicho tuwaachie wazee wenyewe. Nyinyi onjeni asali kwa ncha ya kijiko, mnunue chupa moja ya nyumbani.

Mkiwa njiani kurudi, waulize watoto ni chakula gani walichokionja ambacho hakipatikani kwenye duka la mtaani kwenu. Halafu jiulize mwenyewe ni nani katika ukoo wako, uwe Mkamba, Mluhya au Mtaita, anayejua kupika vile bibi yako alivyopika. Akina mama wanaojua kutwanga muthokoi kwa kinu, kuchagua mbegu ya mawele na kutambua punje iliyokauka vyema, wengi wao wamezeeka. Elimu hiyo haikuandikwa kwenye daftari. Imo mikononi mwao, na mikono huchoka.

Wewe mwanafunzi, likizo ijayo beba kalamu. Andika jina la chakula, mbegu yake, msimu wake na namna ya kukipika, pamoja na kisa kinachoambatana nacho. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Nchi yetu ina maeneo mengi makavu kama Migwani, na mvua zinazidi kukosa ratiba. Huenda maarifa ya kinu na ya gunia la nzuu yakahitajika tena, tena na watoto wa jiji.

Safari njema, na msile mkashiba kabla ya kuondoka nyumbani!