Ziwani au Rutovu

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Likizo ya mwaka jana na mimi niliwekewa njia mbili, nikakaribia kushindwa kama yeye.

Nyumbani kwetu ni Butihinda, karibu na mpaka wa Kobero, lakini ninasoma Gitega. Mwaka mzima nilikuwa nikiwafundisha watoto wa jirani hesabu na Kifaransa jioni, na kila nilicholipwa nilikitia ndani ya kopo la maziwa. Mitihani ilipokwisha, fedha zilitosha safari moja tu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya ziwani. Wenzangu wanne wa darasa walipanga kwenda Bujumbura kwa siku tatu, na shangazi wa mmoja wao alikubali kutulaza. Mimi sikuwa nimewahi kuliona Ziwa Tanganyika. Nilijua ya vitabuni: kwamba lina kina cha karibu mita 1,470, na kwamba duniani ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi. Wenzangu hawakujali kina. Walizungumzia mchanga, mukeke wa kuchoma, viboko wanaojitokeza jioni, na jua linavyozama nyuma ya milima ya Kongo.

Njia ya pili ilikuwa ya Rutovu, kusini mwa nchi, kwenye chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile. Hiyo aliitaka mama. Mama yangu si mtu wa kuomba. Lakini siku moja, baada ya kusikiliza redio, aliniambia, "Mwanangu, ukijaliwa, nipeleke nikaone Ruvubu unakoanzia."

Maji ya Rutovu huingia mto Ruvyironza, Ruvyironza huingia Ruvubu, na Ruvubu hupita kwetu Muyinga kabla ya kuingia Tanzania. Huko unakuwa sehemu ya Kagera, unafika Ziwa Victoria, na safari inaendelea hadi Misri. Kwangu hilo lilikuwa somo la jiografia. Kwa mama lilikuwa jambo jingine. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na nchi ikawaka moto, mama alikuwa na umri wa miaka tisa. Familia yake ilivuka Ruvubu usiku kwa mtumbwi ikikimbilia Ngara. Mtumbwi ulipinduka, na mdogo wake aliyekuwa mgongoni mwa bibi hakuonekana tena. Huko kambini ndiko mama alikojifunza Kiswahili hiki ninachokisomea leo. Habari ya mto alinisimulia mara moja tu.

Nilichukua karatasi nikaigawa kwa mstari katikati. Upande wa ziwa niliandika: marafiki, kuogelea, samaki, picha. Nikaongeza mabaya yake: mwaka 2024 ziwa lilifurika na kumeza baadhi ya fukwe, na maisha ya Bujumbura ni ghali. Upande wa Rutovu niliandika neno moja: mama. Mabaya yalijaza mistari mingi. Nauli za watu wawili. Magari machache ya kwenda huko. Mafuta yalikuwa ya shida nchini, na gari lingeweza kushinda kwenye foleni kutwa nzima. Halafu kuna nini cha kuona? Rafiki yangu mmoja alicheka: "Utalipa nauli ukatazame bomba?"

Nikachagua ziwa. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba mafuta hayapatikani, kwa hiyo Rutovu tungoje mwaka ujao. Alikuwa akichambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Haya, mwanangu. Na magari ya Bujumbura yanatumia maji?"

Sikuwa na jibu. Hakuniuliza tena, wala hakununa. Alinipakulia chakula kama kawaida, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Asubuhi niliwapigia simu wenzangu nikawaambia wasiningoje.

Tulilala usiku mmoja Gitega, chumbani kwangu. Kesho yake tulingoja gari kuanzia alfajiri hadi karibu saa tano. Safari ilikuwa ya kubanana na mama alitapika mara mbili. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama sikukosea.

Kilimani kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 na Mjerumani Burkhart Waldecker. Kijana aliyetutembeza alitueleza kwamba maneno yaliyoandikwa pale ni ya Kilatini. Mama aliitikia kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa yakitafuta maji. Tukateremka hadi kwenye chemchemi. Rafiki yangu hakukosea: maji yalitoka kwenye bomba, kidogo kidogo, yakaingia katika kijito chembamba kilichojipenyeza majanini.

"Ndio huu?" mama aliuliza.

"Ndio huu, mama."

Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akakunja kitenge chake, akauvuka kwa hatua moja. Akageuka, akarudi. Akavuka tena. "Mto mzima," alisema, "ninauvuka kwa hatua moja." Akacheka, kisha akaketi kwenye majani akalitaja jina la mdogo wake. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Niliketi kando yake na sikusema kitu, maana sikujua la kusema.

Jioni, tukiwa njiani kurudi Gitega, simu yangu iliingiza picha za wenzangu wakiwa majini, nyuma yao jua likizama. Nikisema sikuona wivu nitakuwa mwongo. Niliona wivu sana. Mpaka leo ziwa hilo nalijua kwa picha tu.

Lakini ile karatasi yangu ilikuwa na kasoro. Nilipima nauli, mafuta na mambo ya kuona, kana kwamba sehemu zote mbili zingeningoja kwa namna moja. Ziwa halikuwa na haja nami. Kule Rutovu kulikuwa na mtu aliyekuwa akingoja kufika tangu alipokuwa na umri wa miaka tisa, na nauli ilikuwa ndani ya kopo langu.

Kopo limeanza kujaa tena. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, mama alilitikisa asikie lina kiasi gani, kisha akaniuliza kama ni kweli mukeke ni mtamu kama watu wanavyosema.